Mstari wa Themanini na Nane

Ilemela, Mwanza
20 Januari 2025

Kaka Luhaga,

Shikamoo. Natumaini mama hajambo na mvua za huko Bujora si mbaya. Barua hii nampa Ndalahwa mlinzi, maana analala Kisesa na anasema kwenu anapajua. Simu yako bado iko kwenye droo, imezimwa. Hakuna aliyeigusa.

Tangu uache kazi ni miezi minne. Nimepewa meza yako, na kazi yako pia: kupanga nini kitengenezwe kwanza na nini kisubiri. Maombi yamefika mia mbili na kumi na mawili. Kila muuguzi anayetumia mfumo wetu wa Kabati kuhesabia dawa za zahanati yake ana kitu anachotaka tukiongeze. Wewe ulikuwa na ile karatasi ya manila ukutani, jedwali kwenye kompyuta, na mengine kichwani. Manila na jedwali ninavyo.

Mkurugenzi anasema ofisi ya watu kumi na mmoja haiwezi kuendelea kupanga kazi kwa manila. Unamjua Alexander. Anataka programu ya kupangia, ili na wafadhili wauone mpango wetu wakiwa huko kwao. Nimepewa hadi mwisho wa Machi niwe nimechagua.

Nimejaribu tatu. Ya kwanza inatoa alama: unaijazia ombi litagusa watu wangapi, lina uzito gani na litachukua wiki ngapi, nayo inapiga hesabu na kupanga kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Ya pili ni kadi za rangi unazozisogeza. Alexander anaipenda, inapendeza ikionyeshwa kikaoni. Ya tatu ni jedwali tu kama lako, ila inatunza kumbukumbu ya kila badiliko, nani kabadili na lini. Mimi naelekea kwenye ya kwanza. Inaniondolea ubishi. Mtu akilalamika namwonyesha alama.

Wewe ungechagua ipi? Na ulikuwa unajuaje lipi litangulie? Hapa wanasema uliondoka kwa sababu uligombana na Alexander juu ya manila. Mimi sikuwahi kukuuliza.

Wako,
Specioza Muganyizi


Bujora
27 Januari 2025

Specioza,

Marahaba. Mama hajambo. Tunapalilia pamba.

Chagua yoyote. Zote kazi yake ni moja, kupandisha mistari na kuishusha.

Sikugombana na Alexander. Unaweza kuwaambia, unaweza kuacha.

Umeuliza nilikuwa najuaje lipi litangulie. Sikuwa najua. Nilikuwa namsikia zaidi anayepiga simu mara nyingi, na aliye karibu kiasi cha kuja ofisini akakaa kwenye benchi. Baadaye nilikuwa natafuta sababu na kuziandika pembeni. Zilikuwa zinasomeka vizuri.

Huku naamka, napalilia hadi jua liwe kali, nakula, nalala kidogo, narudi shambani. Mama ananiuliza kama naumwa. Namwambia siumwi. Ni kweli, siumwi popote.

Kabla hujachagua, jaribu jambo moja. Angalia kila programu inalifanya nini ombi lililo chini kabisa. Je, kuna siku litapanda lenyewe, au litakaa hapo hadi mtu alikumbuke?

Luhaga


Ilemela
5 Februari 2025

Kaka Luhaga,

Shikamoo. Asante kwa kunijibu. Ndalahwa anasema umekonda.

Nimefanya ulivyosema. Niliingiza maombi yote kwenye programu ya kwanza, kazi ya siku tatu. Huko chini hakuna kinachopanda chenyewe. Linalopewa alama ndogo linabaki na alama ndogo, liwe la jana au la miaka miwili.

Lipo moja nataka kukuuliza. Kwenye jedwali lako liko mstari wa themanini na nane. Ni la Nice, yule muuguzi wa kisiwani. Anaomba hesabu ya dawa iweze kutumwa kwa meseji ya kawaida, kwa sababu intaneti kule inapotea hata wiki tatu, wakati meseji zinapita mtu akisimama karibu na kanisa. Ameliomba mara tatu: Januari, Aprili na Julai mwaka jana. Pembeni pameandikwa "baadaye". Programu imelipa nafasi ya mia moja na arobaini, kwa kuwa zahanati za visiwani ni tisa tu kati ya sitini na tatu.

Sasa, naweza kuyaunganisha yale matatu yawe ombi moja? Na je, bado analitaka? Tangu Agosti hajaandika kitu. Kwenye manila pia, pale lilipokuwa limebandikwa, naona karatasi imebanduliwa hadi rangi ya ukuta ikatoka nayo. Uliihamishia wapi?

Wako,
Specioza


Bujora
24 Februari 2025

Specioza,

Barua yako ilifika siku ileile. Nimekaa nayo.

Karatasi ninayo mimi. Niliibandua mwenyewe. Nitakueleza jinsi ilivyokuwa, halafu ufanye unavyoona.

Jumatatu ya tarehe kumi na mbili Agosti, saa mbili asubuhi, simu ya ofisi iliita. Mlikuwa hamjafika. Alikuwa Nice. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Akaniuliza, "Kaka, kwenu hapo inaonyesha nina sindano ngapi za kuzuia damu?"

Nikafungua kompyuta. Nikamwambia, "Arobaini."

Akasema, "Asante. Sina hata moja tangu Jumatano." Halafu akaniambia.

Jana yake, Jumapili, mama mmoja anaitwa Suzana alijifungua hapo zahanati. Miaka ishirini na minne, uzazi wa pili. Mtoto alitoka salama. Damu haikukata. Nice alifanya yote anayoweza mtu kufanya kwa mikono. Wakampakia kwenye boti ya injini wampeleke nchi kavu, na mumewe Elias akiwa amemshika kichwa. Alifariki wakati ng'ambo ikiwa tayari inaonekana.

Ile arobaini ilikuwa hesabu ya Juni, mara ya mwisho intaneti yake kukubali. Watu wa bohari ya dawa hapo Mwanza walikuwa wanaangalia mfumo wetu, wanaona arobaini, wanapeleka dawa kwingine. Hawakukosea. Sisi ndio tuliowaambia waangalie pale.

Nilikwenda kisiwani siku ya tatu. Watu walikuwa bado wamekaa msibani. Walipouliza mimi ni nani nikasema ni mgeni wa Nice. Nilikula ugali wao. Elias alinipa mkono na kunishukuru kwa kuja kutoka mbali. Sikulia. Nikarudi.

Nilikusudia kusema ofisini. Jumatatu ya kikao ikafika, ajenda ilikuwa imejaa. Iliyofuata vilevile. Nilikuwa nafanya kazi, najibu barua, nacheka watu wakicheka. Wiki ya tatu nikaandika kwamba naacha kazi.

Nakumbuka niliwahi kuliweka ombi lile nafasi ya pili kutoka juu. Halafu likawa la themanini na nane. Siku niliyolishusha siikumbuki. Nimejaribu sana, siioni. Lakini kazi ilikuwa yangu, kwa hiyo mkono ulikuwa wangu.

Yaunganishe tu. Ni ombi moja.

Luhaga


Ilemela
28 Februari 2025

Kaka Luhaga,

Pole sana.

Sijui niandike nini. Leo kuna kikao cha wafadhili na Alexander ananisubiri nimwonyeshe zile kadi za rangi. Programu ya tatu nayo nimeanza kuijaribu vizuri, bado sijamaliza.

Nitakuandikia baadaye.

Specioza


Bujora
10 Machi 2025

Specioza,

Barua yako ni fupi na nimeielewa. Sikulaumu. Hata mimi ningekuwa wewe nisingejua namna ya kuandikiana na mtu wa aina hii. Usijisumbue tena kunitafuta kwa ajili ya programu.

Nimeamua jambo moja. Palizi ikiisha nitakwenda kwa Nice nimwambie kwamba mimi ndiye niliyelishusha ombi lake. Hajui. Alidhani nilikuja msibani kwa sababu nina roho nzuri. Nimeona afadhali ajue.

Msalimie Ndalahwa. Ameniletea sukari na hakutaka nimshukuru.

Luhaga


Ilemela
12 Machi 2025

Kaka Luhaga,

Usiende kwa Nice bado. Soma hii kwanza.

Siku nilipopata barua yako ndefu nilikuwa nimeingiza jedwali lako kwenye programu ya tatu. Liliingia na kumbukumbu zake zote. Kumbe hata lile la zamani lilikuwa linazitunza, hatukuwahi kuzifungua. Ukibonyeza mstari inakuonyesha ulikotoka. Nilibonyeza wa themanini na nane, nikiwa nataka tu kuona ile siku usiyoikumbuka.

Huikumbuki kwa sababu si yako. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na nne Machi mwaka jana, saa nane na dakika kumi mchana. Wewe ulikuwa Magu kwenye mazishi ya baba yako mkubwa. Alexander alikuja mezani kwangu akasema wafadhili wanakuja mwezi ujao na wanataka kuona ripoti za picha, zipandishwe juu. Nikamwambia hilo ni jedwali la Luhaga. Akasema, "Luhaga hayupo, wewe panga tu, akirudi atarekebisha." Nikachagua mistari saba ya juu, nikaishusha yote kwa mkupuo hadi pale palipokuwa na nafasi. Kwenye ile saba, la Nice lilikuwa la pili. Nikaandika "baadaye" kwenye mstari mmoja, nikaliburuta neno hilo chini hadi mstari wa saba.

Sikuyasoma, Kaka. Hilo ndilo ninalorudia kulisoma sasa, jina langu na ile saa. Ilinichukua sekunde kumi na moja, maana hata hizo imeandika. Nakumbuka nilikuwa nimeagiza chipsi na zilikuwa zinapoa.

Nilikuwa nimeliona tayari nilipokuandikia ile barua fupi. Niliandika "pole" nikiwa nimeshaliona. Niliwaza kwamba wewe umeshazoea kuamini ni wewe, na kwamba nikinyamaza hakuna atakayejua, kwa kuwa programu ya kwanza haibebi kumbukumbu. Ningechagua ya kwanza na yote yangefutika. Kwa siku kumi na mbili nimekwenda kazini hivyo. Nimekula, nimelala vizuri. Hilo nalo linanishangaza.

Na jambo jingine. Baada ya barua yako nililijaza upya ombi lile kwenye programu ya kwanza, nikijua kila kitu. Nikalipa uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa. Ni tatu. Ukiandika zaidi ya tatu haipokei. Likapanda hadi la sitini na moja.

Sikuombi unisamehe. Nimeona tu usiende kumwambia Nice kitu ambacho si kweli.

Specioza


Bujora
2 Aprili 2025

Specioza,

Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikiwa nimesimama. Nilidhani nitasikia kitu. Nafuu, au hasira juu yako, au juu ya Alexander. Nilikaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba nikisubiri kije. Mama akaniita kula nikaenda.

Sasa nakujibu. Nilirudi kutoka Magu Jumatatu ya tarehe kumi na nane. Niliona jedwali limebadilika. Sikuuliza nani, niliona ripoti za picha ziko juu nikajua ni mambo ya Alexander, nikachoka kabla ya kuanza. Nikasema nitarekebisha wageni wakishaondoka. Wageni waliondoka. Kuanzia siku hiyo hadi Agosti kuna Jumatatu ishirini na moja, nimezihesabu kwenye kalenda ya mama ya kanisani. Kila Jumatatu nilifungua jedwali nikaliona la Nice liko pale chini. Aprili alipiga simu nikamwambia liko kwenye mpango. Julai nikamwambia hivyohivyo. Wewe ulilishusha mara moja bila kulisoma. Mimi nilikuwa nimelisoma.

Kwa hiyo usibebe peke yako, na mimi sitabeba peke yangu. Siandiki hivi ili kukufariji, nimehesabu tu.

Ila nenda kwa Nice. Nenda wewe, umwambie yote mawili, lako na langu. Na kabla ya hapo mwambie Alexander. Asije akasikia kutoka kwa mtu mwingine akapata nafasi ya kushangaa.

Luhaga


Ilemela
19 Mei 2025

Kaka Luhaga,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu nilitaka niandike mambo yakiwa yamekwisha.

Alexander nilimwambia siku ya pili ya barua yako, ofisini kwake, mlango umefungwa. Nilimfungulia kompyuta nikamwonyesha mstari, saa na jina langu. Aliangalia kwa muda. Akasema, "Mimi nilisema yapandishwe yale, sikusema hili lishushwe." Nikamwambia ni kweli. Akavua miwani akaiweka mezani, akauliza Suzana alikuwa na watoto wangapi. Nikamwambia wawili, pamoja na huyo mchanga. Kesho yake alikuja kwenye meza yangu akauliza, "Kwa hiyo tunachukua ipi?" Nikasema ya tatu. Akasema wafadhili hawataipenda. Nikasema najua. Akasema, "Ichukue."

Ndiyo tuliyoichukua. Haipendezi na haitoi alama. Ila kila Jumatatu inatuonyesha kwanza lililokaa muda mrefu kuliko yote bila kuguswa, na kabla ya kulishusha ombi lolote lazima aliyeko hapo alisome kwa sauti na aandike jina lake. Hili la kusoma si la programu, ni letu. Vikao vimekuwa virefu. Watu wananung'unika.

Ombi la Nice lilitupa kazi ya wiki tatu. Wiki tatu tu. Linafanya kazi tangu tarehe mbili mwezi huu, zahanati zote tisa.

Kisiwani nilikwenda Ijumaa iliyopita. Nice alikuwa anapima watoto uzito, nikasubiri. Alipomaliza nilimweleza yote mawili kama ulivyosema. Alikuwa anakunja nguo ya kupimia, akawa anaikunja na kuikunjua. Nilipomaliza akaniambia hivi, naandika alivyosema:

"Mimi kila nikituma ombi nilikuwa napata jibu. 'Asante, ombi lako limepokelewa na linafanyiwa kazi.' Papo hapo, hata sijaweka simu chini. Nikajua kuna mtu anayejua kwamba hesabu yangu haifiki. Ndiyo maana sikwenda bohari mwenyewe. Ningekwenda, dada. Boti ipo kila siku."

Nikamwambia lile jibu linatoka kwenye mashine, hakuna mtu anayeliandika. Akasema, "Nimeshajua sasa." Akaniuliza kama nitalala au nitarudi na boti ya mchana. Nikarudi na ya mchana.

Lile jibu la mashine nimeliondoa. Sasa mtu akiomba kitu hapati chochote hadi mmoja wetu ampigie. Simu kumi na nne kwa siku. Nyingi nazipiga mimi.

Alexander anauliza kama utarudi. Ameniambia nisikulazimishe, kwa hiyo nauliza tu.

Wako,
Specioza


Bujora
16 Juni 2025

Specioza,

Marahaba. Viazi vimechimbwa. Tunavikata kuwa michembe na kuianika juu ya mawe, na mama ananituma kufukuza mbuzi wa jirani.

Kuhusu kurudi, sijui. Msiniwekee nafasi. Mkimpata mtu mchukueni.

Baada ya barua yako nami nilikwenda kisiwani, wiki iliyopita. Sikwenda kwa Nice. Nilikwenda kwa Elias.

Nilimkuta anatengeneza kitanda cha kamba, mtoto amelala pembeni kwenye kanga. Ni wa kike, anatambaa sasa. Alinikumbuka, akasema wewe ni yule mgeni wa Nice. Nikamwambia mimi si mgeni wa Nice, mimi nilikuwa nafanya kazi na watu waliotengeneza ile hesabu ya dawa. Nikamweleza. Nilianzia kwa Nice kuomba, nikaja kwenye jedwali, nikaja kwenye ile Alhamisi, nikaja kwenye Jumatatu zangu. Jina lako sikulitaja, nilisema sisi. Nilieleza kwa muda mrefu kwa sababu kila neno lilihitaji neno lingine la kulieleza. Programu ni nini. Mstari ni nini. Kushusha ni nini.

Alikuwa anaendelea kuvuta kamba. Nilipomaliza akasema, "Hapo kwenye kupanga sijapaelewa vizuri. Ila nimeelewa kwamba mlijua."

Nikasema ndiyo.

Akavuta kamba nyingine mbili. Akaniuliza, "Humo kwenye hiyo mistari yenu, jina la mke wangu limeandikwa mahali?"

Nikamwambia halimo. Nikamwambia mle huwa tunaandika jina la zahanati na aina ya dawa.

Akasema, "Sawa."

Mtoto aliamka. Elias akamnyanyua, akamweka begani, akakaa hivyo akiangalia kitanda ambacho hajakimaliza. Nilifikiri atanifukuza, na nilikuwa nimejiandaa kwenda. Akaniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akanipa mtoto nimshike ili akawashe moto, nami nikamshika. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, na alikuwa na joto. Alinishika sikio akalivuta. Nikaanza kulia, na nilipoanza sikuweza kuacha. Elias aliporudi na ufagio wa majani wa kupepea moto alinikuta hivyo, akapita pembeni yangu, akaendelea na kazi yake.

Luhaga